Kuangalia Mukwe mu Ufa ya Islande

Nilienda Islande kuangalia mwanaume. Usicheke kwanza, ngoja nimalize. Mutoto yangu ya mwisho, Astride, alipata muchumba kule, na familia ilinituma nikamuangalie kwa macho, nirudi na neno moja tu: ndiyo ao hapana.

Mie ni muchimba bishima ya maji, pa Katuba, Lubumbashi. Masomo nilifika mwaka ya tatu ya primaire. Mwalimu akasema sina kichwa, nikamuambia yeye hana mikono, tukaachana. Tangu siku ile nimeingia mu udongo ya huu muji mara mingi kuliko bafu ya makaburi. Bo banaingia mara moja tu, mie narudi jioni kula. Baba yangu alitoka kaskazini, ku Kabalo, na kazi ya reli, akatuachia misa ya asubuhi na kichwa nguvu. Ingine yote niliitafuta na mpiki ya kuchimbia. Bishima yangu njo ilisomesha Astride jeolojia ku iniversite ya Kasapa, mpaka akaenda Islande kujifunza maji ya moto yenye kukaa chini ya udongo. Mie natafuta maji ya baridi, yeye anatafuta ya moto. Kazi ni moja, ila yeye iko na diploma.

Siku moja ya Mungu, nyuma ya misa kuisha, bakubwa ya familia bakakusanyika mu lupango, kiwanja ya nyumba yangu, kila muntu ku kreti yake ya biere. Mwenye kusema alikuwa Muyomba Kalenga, kaka ya bibi yangu, mama ya Astride, muntu ya kusema polepole sawa anapima dawa.

"Kwa desturi," alisema, "familia ya mwanaume njo inakuja kwetu. Huyu hana hata shangazi mwenye kujua njia ya Katuba. Basi baba aende. Kama ni muntu, tutamupokea. Kama haiko muntu, Astride atafute mwengine."

Astride alikuwa anasikia yote ku telefone. "Sawa, Muyomba," akasema. "Mukikataa, siolewi. Lakini Papa aje aone kwanza."

Nilijua sauti ile. Mutoto yangu halii, anakauka. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Sasa kuna kintu lazima mujue. Kwetu kuna bukwe. Baba ya bibi na mukwe yake banaheshimiana na mbali: habashikani, habakuli sahani moja, na zaidi ya yote, mukwe hawezi kuona mwili ya baba ya bibi yake. Hata mugongo. Akiona, ni haya kubwa, mpaka mukwe atoe mbuzi ya kulipa.

Bibi yangu alinionya mbele ya valizi. "Weye na mazoea yako! Ku kishima unavua shemizi sawa bengine banavua kofia. Ukivua kule mbele ya mukwe, usirudi hapa."

"Mama Astride, kule ni baridi. Hakuna mwenye kuvua kintu."

Njo neno ya kijinga ya mwisho nilisema pa Lubumbashi.

Siku ya kuondoka, ku kiwanja ya ndege ya Luano, valizi yangu ilibeba unga ya bukari, samaki ndakala ya kukauka, na kaleso tano, nguo ya ndani ile bibi alinishonea na kitenge ya siku ya banamuke yenye ilibakia. Kitenge muzuri, nguvu, maua ya manjano, na maandiko: MWANAMUKE NI NGUZO YA NYUMBA. Bibi hakuangalia maandiko itaangukia wapi. Iliangukia ku matako.

Pa Adis-Abeba, musichana moja ya kiwanja ya ndege akaniuliza kama nahitaji kiti ya magurudumu. Nikamuuliza kama yeye anahitaji. Tukaachana vizuri.

Nyuma ya Francfort, na nyuma ya bahari yenye haikuisha, tulishuka pa Keflavik. Niliangalia inje: mawe meusi, upepo, hakuna muti hata moja. Nikasema, hapa bamekata miti ya makala mbele ya sisi. Muntu ya duane, mwenye kukagua mizigo, akafungua valizi, harufu ya ndakala ikamupiga ku uso. Akaita mwenzake. Nikaanza kuhesabu watakatifu benye kusaidia bafungwa. Mwenzake akanusa, akafunga macho, akafungua sanduku ya meza yake, akatoa samaki yake mwenyewe ya kukauka, akanipa kipande. Ilikuwa sawa kandambili yenye ilibatizwa mu chumvi. Nikamupa ndakala tatu. Tulitafuna pamoja, tunaangaliana. Njo muntu ya kwanza nilielewana naye Islande.

Pa mulango, mukwe. Jina yake Einar. Murefu sawa nguzo ya umeme, ndevu rangi ya mahindi, mikono imefunguka kunikumbatia. Nikasukuma valizi katikati yetu, ikamupiga ku magoti.

"Astride! Hukumuelezea bukwe?"

"Nilimuelezea, Papa. Nusu."

"Nusu gani?"

"Ile ya mbuzi."

Mu motokari, akamuelezea nusu ingine. Na yule mwanaume akaishika yote, sawa muntu ya katekismu wiki ya ubatizo. Akageuza kioo ya motokari asinione. Ku nyumba alikula akiangalia ukuta. Nikiingia ku salon, yeye anatoka ku balkon, anasimama mu theluji bila koti, ndevu inageuka nyeupe. Siku tatu nilijua mugongo ya Einar kuliko mama yake anavyoijua.

"Astride," nilisema, "huyu atakufa na heshima mbele ya kukuoa."

"Si njo desturi yenu, Papa?"

"Desturi ndiyo. Lakini namna gani nitapima muntu mwenye kunigeuzia mugongo? Nitaenda kuambia Muyomba nini? Kwamba iko na mabega?"

Nikaona anakauka tena. Nikamuambia: "Anipeleke ku kazi yake."

Mie napima muntu ku kamba. Ku kishima, maisha ya muntu ya chini iko mu mikono ya muntu ya juu. Mwenye kamba hasemi, havuti sigara, haangalii banamuke benye kupita. Anaangalia shimo. Kamba ikivutwa mara tatu, ni kusema: nitoe. Nimefukuza bantu mingi juu ya kugeuza kichwa mara moja, na mutoto ya dada yangu iko kati yabo, mpaka leo hanisalimie. Hainiumize.

Kazi ya Einar ni kupeleka bantu mu ufa. Pale Islande, dunia imepasuka. Ile ufa imejaa maji, na bantu banatoka mbali kuingia mule. Kila inchi iko na wazimu yake.

Asubuhi ya siku ya ine tulifika pale, bonde kubwa ya mawe meusi yenye kuvaa majani laini sawa bulangeti. Astride akanionyesha ufa: njia ya maji mu mawe, nyembamba, buluu, sawa muntu alikata udongo na kisu akaacha dirisha.

"Papa, ukuta ya huku ni sehemu ya Amerika. Ya kule ni ya Ulaya. Zinaachana polepole, sawa ukucha inavyoota."

"Na Afrika?"

"Hapa Afrika haiko."

"Kawaida. Bazungu bamegawana peke yabo."

"Papa, Afrika iko na yake. Ku Moba, ku Kalemie, ile ziwa Tanganyika yote ni udongo yenye kupasuka vilevile."

"Kumbe! Tulikuwa na yetu, na mie nimevuka mawingu siku mbili?"

Nilitaka kushuka chini kabisa na chupa ya hewa ku mugongo. Einar, na mugongo yake, akasema hapana: bila karatasi ya kujifunza, hakuna kushuka. Karatasi ya daktari nilikuwa nayo, moyo yangu ni ya nguvu. Lakini ile ingine, hapana. Nitaelea juu, uso mu maji, bomba mu kinywa. Karatasi inanifuata tangu primaire sawa mbwa ya jirani. Mie mwenye kushuka metre ishirini na tano ku kamba, leo nielee sawa jani ya sombe mu sufuria! Nikakubali, juu ya Astride.

Nyuma ya ile ikakuja mambo ya kuvaa. Maji pale ni ya baridi ya kuua, kwa hiyo unavaa nguo ya mpira nene sawa tairi, na maji haiingii. Siri iko ku shingo: kuna mpira mwembamba wenye kubana, lazima ulale ku ngozi tupu. Kila muntu, Einar anamuvalisha yeye mwenyewe, anapitisha kidole ku shingo yake, anaona kama imefunga. Kila muntu. Lakini mie ni baba ya bibi yake.

"Nitajivalisha," nilisema.

"Papa, ni nguvu kuvaa."

"Nilivaa tope miaka yote. Nigeuzieni mugongo, bote."

Kulikuwa na mwenzake Einar, musichana jina yake Sigga, akataka kusaidia. Nikamuambia hata weye hapana. Nyuma ya motokari, peke yangu, mu upepo, nilipigana na ile nguo sawa muntu anaingia tena mu tumbo ya mama yake. Na shemizi, shati yangu ya vifungo, sikuvua. Niliahidi bibi. Tena, mie siendi mahali bila kola. Muntu mwenye kujitengeneza mwenyewe anafunga kifungo ya juu. Mpira ya shingo ikalala juu ya kola, vizuri kabisa, niliona kama iko muzuri zaidi vile. Nikavaa kofia ya mpira, kola ikafunikwa, nyuma nikaita Sigga afunge zipu ya mugongo.

Einar, uso ku mawe, akauliza kitu. Astride akatafsiri, naye uso ku mawe: "Papa, anauliza kama mpira ya shingo inagusa ngozi."

"Ndiyo."

"Anauliza tena."

"Anadhani mie ni mutoto? Ndiyo!"

Niliona mukono yake inapanda kidogo, inataka kuja ku shingo yangu. Ikashuka. Bukwe.

Tuliingia na ngazi ya chuma. Einar mbele yangu, mie nyuma, naelea mu boya yenye kamba fupi. Nikaweka uso mu maji, na mie, muzee mwenye kudharau kila kintu, nilipiga kelele mu bomba.

Sikuona maji. Niliona hewa ya buluu, na mie juu yake bila kamba, sawa muntu anaanguka na haanguki. Maisha yote nimezoea shimo yenye giza, unashuka na mwanga inabakia juu, ndogo sawa sahani. Hii ilikuwa shimo yenye mwanga mpaka chini. Niliona kila jiwe ku chini kabisa, sawa iko mu mukono yangu. Ku mawe kulikuwa na majani ya kijani sawa nywele ya bibi kizee yenye kufungua suka. Astride aliniambia ile maji inatoka ku barafu ya mbali, inapita mu mawe miaka na miaka mbele ya kufika. Nikatoa bomba, nikakunywa. Na nitasema kweli hata kama inaniumiza: kishima yangu ya muzuri zaidi, mu lupango ya masista, haijatoa maji sawa ile. Nilisikia wivu ya kazi.

Katikati ya njia, pahali ukuta inafunguka sawa kanisa, nilipinda shingo nione chini zaidi. Kola ikafungua mulango.

Ile maji haikuingia sawa maji. Iliingia sawa kisu yenye kutafuta njia ya tumbo. Ikashuka ku kifua, ku kitovu, ikafika ku nguzo ya nyumba. Pumuzi ikaniacha, bomba ikatoka. Nilitaka kuita. Niite nani? Kwa luga gani? Kichwa ilikuwa imelala, mukono njo ilikumbuka kazi yake: ikashika kamba ya boya, ikavuta. Moja. Mbili.

Ya tatu sikuvuta. Mukono ya Einar ilikuwa tayari mu kwapa yangu.

Alinigeuza, uso ku mawingu, akanikokota mpaka ngazi ya kutokea. Mu nguo, maji ilikuwa inajaa miguu, mie muzito sawa gunia ya simenti yenye kulowana. Nikataka kutembea, miguu ikakataa. Akanibeba ku mugongo. Mie! Ku mugongo ya mukwe, sawa mutoto ya titi, mbele ya batalii benye kupiga foto. Ile mugongo nilichoka nayo siku tatu njo ilinipeleka ku motokari.

Pale hakuuliza muntu. Akafungua zipu, akavuta nguo. Shemizi ililowana na vifungo habifunguki, akachukua makasi, akaikata toka kola mpaka chini. Nikabakia na kaleso. Upepo ya Islande ikasoma maandiko yote. Astride alikuwa anakuja mbio na bulangeti, analia. Akaona matako ya baba yake, NGUZO YA NYUMBA, akaanza kucheka huku analia, hakuweza kuacha hata moja.

"Usicheke! Nakufa!"

"Papa, mwenye kufa hakasiriki hivi."

Nyuma ya saa nzima, mu motokari yenye joto, na kikombe ya shokola mu mikono, damu ikarudi. Einar akakuja kusimama mbele yangu. Kwa mara ya kwanza aliniangalia mu macho. Akasema mingi, haraka, uso mwekundu. Astride akaanza kukunja bulangeti.

"Anasema nini?"

"Papa, tuache."

"Tafsiri."

"Anasema ulimudanganya. Anasema na yeye alikosa, angeshika shingo yako sawa anavyoshika ya kila muntu, ila aliogopa kukukosea heshima. Anasema haitarudia. Hata ukikataa ndoa, mbele ya maji atakushika shingo."

Na Einar mwenyewe, na Kiswahili yake ya maneno kumi, akamalizia: "Papa. Mu maji, bukwe hapana."

Hakuna mukwe alishanisemesha vile. Nilitaka kukasirika. Nilitafuta kasirani mu mwili muzima, ilikuwa bado imeganda. Nikabakia na swali moja tu. "Muulize alijua namna gani. Alama ya kuvuta mara tatu hakuna mwenye kumufundisha. Na mie nilivuta mbili tu."

Astride hakumuuliza hata. "Papa, hakuona kamba. Aliona miguu yako inasimama. Siku tatu alikugeuzia mugongo, lakini mu maji alikuwa anaogelea kinyumenyume. Mie nilikuwa juu ku mawe, nilimuona. Hakuacha kukuangalia hata mara moja."

Nikakunywa shokola mpaka chini. Mara tatu mu maisha yangu nimepata mwenye kamba wa kweli. Wa kwanza alikufa, wa pili ni muzee sawa mie.

"Muambie nimekosa," nikasema.

Astride akafungua kinywa. "Papa, rudia polepole. Nirekodi. Mama hataamini."

Wiki ingine nikarudi. Mu ndege nilitengeneza masimulizi muzuri ya kupeleka kwa bakubwa: mie na chupa ya hewa, mie chini kabisa, mukono moja ku Amerika, ingine ku Ulaya. Mpaka Luano ilikuwa imekamilika, hata mie nilianza kuiamini.

Siku ya Mungu, kreti ile ile, lupango ile ile, Astride ku telefone. Muyomba Kalenga akapima dawa yake: "Basi?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ni rahisi. Ulimuonea wapi hata ujue ni muntu?"

Nikafungua kinywa nitoe bongo yangu, ile uongo ya mu ndege, na pale nikaona iko na shimo. Mu bongo ile, Einar hakuwa na kazi. Nikiwa mie shujaa, yeye anabakia dereva tu. Na ku telefone nilisikia Astride anapumua, ile pumuzi ya kukauka. Kama sitoe haya yangu inje, sina ushuhuda ingine.

Basi nikatoa yote. Kola. Bongo niliambia mukwe. Mugongo. Makasi. Nilipofika ku kaleso, Muyomba Kalenga, mwenye kupima kila neno, alianguka toka ku kreti na biere yake, na bazee mbili bakalia machozi. Nilingoja. Muntu anacheka mpaka anachoka, nyuma anafikiri.

Akapanguza macho, akakaa. "Bukwe imevunjika," akasema. "Akuje na mbuzi. Yeye mwenyewe, na miguu yake, hapa Katuba. Na kama anakuja, apokelewe. Mwenye kuona shemeji yangu uchi na bado anataka kuoa mu hii familia, huyo ni muntu."

Toka jikoni, bibi: "Mbuzi mbili! Ile shemizi ilikuwa ya Pasaka!"

Ku telefone, Astride alicheka. Kicheko yenye maji.

Mvua ikiisha, Einar anakuja. Amesema anataka kuona kazi yangu, na mie nimekubali: nitamushusha mu kishima. Shemizi na suruali atavua, juu ya tope, na avae kaleso yoyote, ni mambo yake. Kamba nitamufunga mie ku kiuno, na mukono yangu, nipitishe kidole nione kama inabana. Alama ya mara tatu nimeshamufundisha ku telefone. Nyuma nitashika kamba juu, na sitageuza kichwa, hata banamuke bote ya Katuba bapite.